Shahidi wa Baraza la Kiboko

Zama zile wanyama walipokuwa na mabaraza, mihuri na posho za vikao, palikuwa na himaya moja ukingoni mwa Ziwa Victoria, upande ule ambao msafiri akisimama mwaloni Kasenda, Chato, hukiona kisiwa cha Rubondo kimejinyoosha majini mbele yake. Mtawala wa himaya hiyo alikuwa Mtemi Kiboko, mwenye mwili mkubwa na maneno machache, ambaye mchana kutwa alikaa majini akibakiza pua, masikio na macho, na usiku ndipo alipotoka nchi kavu kwa ajili ya malisho, wakati shughuli za raia zimekwisha na moshi umetua. Nchi kavu ilikuwa na vilima, vilima vilikuwa na dhahabu, na dhahabu ilikuwa na wenyewe wengi kuliko waliokuwa wakiichimba. Msikilizaji wa Chato asianze kunyoosha vidole: hiyo ni himaya ya wanyama, ya zamani mno, na kwetu sisi kila kitu kiko sawa.

Waliochimba walikuwa Mafuko. Fuko haoni mbali, na huenda ndiyo sababu alipewa kazi hiyo na wale wanaoona. Walishuka maduarani kwa kamba, wakapandisha mawe kwa ndoo, mawe yakasagwa karashani, na unga wake ukaoshwa mwaloni juu ya magunia ya katani yaliyotandikwa kwenye ubao wenye mteremko. Kilichonasa katika nyuzi za gunia kilikung'utwa ndani ya karai, na hapo ndipo ilipomiminwa zebaki, maji mazito yang'aayo, yasiyolowanisha kidole, yenye tabia ya kuitafuta dhahabu ndani ya tope na kuikumbatia. Mama Fuko aliukusanya mchanganyiko huo, akaukamua kwa kipande cha kitambaa, zebaki iliyozidi akairudisha chupani, na mkononi likabaki donge la kijivu lenye ukubwa wa punje ya hindi. Donge hilo likawekwa kwenye kijiko juu ya makaa. Uwanjani kulikuwa na macho ya wezi, kwa hiyo kazi ilifanyika jikoni, mlango umefungwa, mtoto yuko mgongoni, na sufuria ya maharage imesogezwa kando kidogo ili kijiko kipate nafasi.

Zebaki huchemka moto ukifika nyuzi 357, lakini ni mtoro wa kuzaliwa: huanza kupaa hewani hata ikiwa imekaa tu kwenye sahani, bila rangi wala harufu. Anayeuvuta mvuke wake hubaki na sehemu zipatazo nane katika kumi ndani ya mwili. Huingia damuni, huenda figoni, hupanda hadi kwenye ubongo. Mama Fuko hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba donge la kijivu hugeuka manjano, na manjano hiyo ina mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa Fisi. Huyu hakuwa na duara, hakuwa na karasha, wala hakuwahi kuonekana na tope miguuni. Alikuwa na chupa. Alimkopesha kila Fuko zebaki bila kudai senti, akicheka kwa ukarimu hadi magego yakaonekana, kwa sharti moja dogo lisilostahili hata kuandikwa: dhahabu itakayopatikana auziwe yeye, kwa bei atakayoitaja yeye. Ndiyo maana katika himaya nzima hapakuwa na kiumbe aliyekuwa na imani kubwa na usalama wa zebaki kumshinda Fisi.

Baada ya miaka kadhaa Mafuko wakaanza kutetemeka. Kwanza vidole, kisha viganja, kisha midomo. Waliopaswa kulala walikesha, waliokuwa wapole wakawa wakali, na wengine walitoka kwenda kisimani wakarudi mikono mitupu kwa kuwa walisahau walichokifuata. Mmoja alilalamika kwamba kila anachokula kina ladha ya chuma. Majirani walitafsiri kila mtu kwa kadiri ya hofu yake: huyu karogwa na mwenzake wa duara, yule ni gongo, yule wa tatu ni uzee umemjia kabla ya wakati. Mwisho wakapiga moyo konde, wakamtuma Mama Fuko barazani.

Mama Fuko hakuwa msemaji. Aliomba bakuli la maji, wakampa limejaa. Akalishika kwa mikono miwili, akaanza kutembea kutoka mlangoni kuelekea alipokuwa Mtemi, na kufikia hatua ya tatu maji yalikuwa yanaruka ukingoni na kudondoka miguuni pake. Alipofika mbele ya Mtemi, yaliyobaki hayakutosha kufunika kucha. Akaliweka bakuli chini, akarudi kukaa.

Baraza lilinyamaza kwa muda wa heshima. Kisha Sungura, ambaye kazi yake ilikuwa kulishauri baraza juu ya sheria, akasimama akasema kwamba amesikitika sana kama mzazi, lakini kama mtaalamu analazimika kukumbusha kuwa walichokiona ni kisa, na kisa si kipimo. Himaya inayojiheshimu haiwezi kuendeshwa kwa mabakuli.

Aliitwa Sokwe kutoka Rubondo. Ukoo wa Sokwe una historia yake, na haihitaji chumvi: babu zake walikamatwa wangali wadogo, wakalelewa katika mabustani ya wanyama ya Ulaya, na kati ya mwaka 1966 na 1969 wakarudishwa Afrika na kuachiwa kisiwani humo, wakilazimika kujifunza upya kutafuta matunda yao wenyewe. Kwa hiyo Sokwe alikuwa na adabu za kigeni na njaa ya kienyeji, sifa mbili ambazo kila baraza hupenda kuziona kwa mshauri. Nikiri upesi kwamba hakuwa tapeli. Alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio uliomponza.

Siku ya kwanza alitoa mezani kifaa cha bati: kikombe chenye kifuniko kinachobana, na bomba lililopinda likapita kwenye maji baridi. Akaeleza kwamba donge likichomwa humo, mvuke hupoa bombani, zebaki ikadondoka tena tone kwa tone kwenye kopo, jikoni kusifike kitu, na Fuko akaitumia zebaki ileile tena. Fisi alikohoa aliposikia neno “tena”. Sungura akauliza iwapo kuna ushahidi kwamba mvuke una madhara yanayohalalisha matumizi ya kikombe. Sokwe akajibu kwamba ushahidi upo karibu kuliko walivyodhani: miongoni mwa binadamu, pale Rwamagasa, mkoani Geita, wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walifika mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakapima mkojo, damu na nywele za wachimbaji, na wachomaji wa dhahabu wakakutwa na zebaki mwilini na dalili zake, mtetemeko ukiwemo.

“Hao ni watu,” akasema Sungura kwa upole. “Sisi ni wanyama.”

Sokwe akakubali kutafuta mnyama. Akapendekeza nzi wa ndizi, yule mdogo mwenye macho mekundu anayeizunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi, na baraza lilipoangua kicheko akangoja kikaisha. Akasimulia kwamba mwaka 1910, jijini New York, mwanazuoni Thomas Hunt Morgan alimwona nzi mmoja mwenye macho meupe miongoni mwa wenzake wenye macho mekundu, akamfuatilia yeye na uzao wake hadi akatambua jinsi urithi unavyopita kwenye kromosomu, na mwaka 1933 akapewa Tuzo ya Nobel. Akaongeza la karibu zaidi na moshi: katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, Joan Bennett, ambaye nyumba yake New Orleans ililiwa na ukungu baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, aliamua kuuchunguza mvuke wa ukungu huo, yeye na Arati Inamdar wakawavutisha nzi wa ndizi kemikali inayotoka humo, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba neva za ubongo wa nzi zinazotumia dopamini ziliharibika, nzi wakapoteza mwendo wao kwa namna inayofanana na ugonjwa wa Parkinson. Nzi ni rahisi, alisema Sokwe. Hula rojo la ndizi, hukaa mia katika chupa moja, na kutoka yai hadi nzi mzima ni siku kumi hivi. Atakayewauliza swali Jumatatu atajibiwa kabla ya juma kwisha.

Neno “rahisi” lilizua mjadala mrefu, kwa kuwa bajeti ilikuwa imekwisha kutengwa. Hatimaye likapita azimio kwamba himaya haiwezi kutegemea nzi wa sokoni wasio na vyeti, na nzi wakaagizwa kutoka ng'ambo. Walisafiri kwa ndege, kwenye visanduku vyenye muhuri, wakapokewa kwa ngoma. Sokwe alijaribu kusema kwamba asili ya ukoo wote wa nzi hao ni Afrika hii hii, kwamba jamaa zao wa porini wamekutwa Zimbabwe wakila mng'ong'o unaoanguka, na kwamba waliotapakaa kwenye mafungu ya ndizi pale gulioni ni ndugu wa damu wa hawa waliokatiwa tiketi. Kasuku, msemaji wa baraza, akatangaza kuwa himaya imepokea nzi wa kisasa.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi, na nitalieleza kama lilivyokuwa, kwa sababu ndilo jambo pekee katika kisa hiki lililofanywa vizuri. Sokwe aliweka nzi kwenye chupa mbili. Moja alipitishia hewa iliyochujwa. Nyingine akaipitishia hewa ya jikoni kwa Mama Fuko wakati donge likiwa juu ya makaa. Kila asubuhi aliigonga chupa mezani mara moja, nzi wote wakaporomoka hadi chini, naye akahesabu. Nzi mzima akianguka hupanda. Ndivyo alivyoumbwa, hutafuta juu bila kufundishwa. Wale wa hewa safi walikuwa shingoni mwa chupa kabla Sokwe hajafika kumi. Siku ya nne, wale wa jikoni walipogongwa, wachache walipanda nusu wakateleza, wengi walizunguka chini wakigongana, na baadhi walilala chali miguu ikicheza. Sokwe hakuhitaji kuandika ripoti. Aliwaita wajumbe, akagonga chupa mbele yao.

Fisi ndiye aliyevunja ukimya. Aliomba radhi kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara tu, lakini angependa kufahamishwa: nzi ana pua? Sokwe akasema hana. Ana mapafu? Hana; huvuta hewa kwa vitundu vilivyopangana ubavuni, na vijibomba humpelekea hewa hadi kwenye misuli. “Basi,” akasema Fisi akiwageukia wenzake, “tumefunga safari yote hii kumuuliza asiye na pua habari za kuvuta moshi.” Baraza likapiga makofi. Sokwe akaeleza kwamba mlango wa kuingilia ni tofauti lakini chumba ni kimoja, kwamba neva za nzi na za Fuko hutumiana ujumbe kwa kemikali zilezile, na kwamba kwa ajili ya hitilafu hiyo hiyo ya pua na mapafu hakuwahi kudai kuwa nzi ni Fuko: nzi ni dalili, na baada ya dalili mtu humwendea mgonjwa mwenyewe. Alipofika hapo wajumbe walikuwa wanaangalia saa.

Wakaamua jaribio lirudiwe, kiangazi na masika, kwa majike na kwa madume, kwa nzi wa asubuhi na nzi wa jioni. Chiriku mzee akaomba dakika moja. Ndugu zake wa manjano, alisema, walitumika katika machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza hadi mwaka 1986, wakibebwa kwenye vizimba ili wainuse hewa yenye sumu kabla ya wachimbaji. Kazi ilikuwa ngumu na wengi hawakurudi. “Lakini kule,” akasema, “ndege akianguka, watu hutoka shimoni. Hapa nzi akianguka, analetwa nzi mwingine.” Akaambiwa hoja yake imepokelewa.

Paka naye alikuwa na la kusema, akalisema bila kusimama. Pwani ya Minamata, huko Japani, kabla ya ugonjwa wa watu kutangazwa mwaka 1956, paka walishaonekana wakicheza ngoma isiyo na mpigaji na kutumbukia baharini. Sumu ilikuwa zebaki iliyotoka kiwandani na kupitia kwa samaki. Njia nyingine, mzigo uleule. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda hichohicho, Hosokawa, alimlisha paka mmoja, namba 400, chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda, na paka yule akashikwa na degedege. Wakubwa wakayafungia majibu kabatini, na kiwanda kiliendelea kumwaga sumu hiyo hadi mwaka 1968. “Sisi hatukuwa na pua ndogo,” akasema Paka, akajiramba mguu.

Hapo Kasuku akakumbuka, na ikawa bahati mbaya kwamba anakumbuka kila neno, kuwa kuna mkataba unaoitwa kwa jina la mji huo, uliotiwa saini Japani mwaka 2013, na himaya nayo iliweka dole. (Sisi Watanzania tuliuridhia mwaka 2020, na kama nilivyokwisha kusema, kwetu kila kitu kiko sawa.) Mkataba unataka nchi zichukue hatua kukomesha kuchoma donge la zebaki na dhahabu kwenye moto wa wazi, na kukomesha kulichoma katika maeneo ya makazi. Sungura akayaandika maneno hayo, makazi akayapigia mstari, na kwa mara ya kwanza tangu shauri lianze akaonekana kufurahi.

Maana wakati huo nzi walikuwa wamejengewa jumba. Jiwe la msingi liliwekwa na Mtemi mwenyewe, aliyetolewa majini kwa kazi hiyo na kurudishwa kabla jua halijamchoma ngozi. Lilikuwa na madirisha ya vichujio, feni isiyozimika, ndizi zilizopondwa kila alfajiri, na binti wa Fuko akaajiriwa kufagia. Humo nzi walizaana kwa utulivu, wakapata wajukuu kabla baraza halijathibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ikawa jioni moja upepo umegeuka, moshi wa jikoni kwa Mama Fuko ukavuka ua, ukapenya mlangoni, na asubuhi nzi wa chupa ya hewa safi wakakutwa wamelala chali. Zahama ikazuka. Kikao cha dharura kikaitishwa usiku, wajumbe wakaja na kanga mabegani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza binti aliyelala katika jiko lile aliamkaje.

Sungura akafungua mkataba. Akathibitisha kwamba kuchoma donge karibu na makazi ni kosa. Jumba la nzi lina hati, lina namba ya kiwanja, na wakazi wake huhesabiwa kila siku. Hayo ni makazi. Shimo la Fuko halijapimwa na halimo katika ramani yoyote, hivyo haliwezi kuitwa makazi kwa maana ya sheria. Kabla ya jua kuchomoza jiko la Mama Fuko lilikuwa limebomolewa na ukoo mzima umehamishiwa nyuma ya kilima, kila mmoja na kijiko chake. Kikombe cha bati cha Sokwe hakikuhamishwa nao. Kilikuwa kwenye kabati la kioo katika ukumbi wa maonesho, na kibandiko kisemacho “Usiguse”.

Tangu siku hiyo nzi walinawiri. Chupa zote mbili zilipogongwa, zote mbili zilipanda, kwa kuwa hapakuwa tena na moshi wa kuzitofautisha. Sokwe aliandika kwamba jaribio limeharibika, akafunga mizigo yake, akavuka maji kurudi Rubondo kutafuta matunda. Kasuku akasoma matokeo mbele ya wageni: nzi wa himaya wana afya njema, wanapanda kwa kasi ya kuridhisha, na hewa ni salama. Kila mgeni alipewa kopo la rubisi, na inasemekana nzi kadhaa wenye vyeti walitoroka chupani wakajumuika na wageni kwenye makopo, wakazama kwa furaha.

Binti wa Fuko aliendelea kufagia jumba, na nyumbani, nyuma ya kilima, alimsimulia baba yake mambo ya humo: feni, ndizi za alfajiri, madirisha yanayozuia moshi, na jinsi kila asubuhi anakuja mtu na kitabu kuwaangalia wakazi mmoja mmoja kama wanaweza kusimama. Fuko alisikiliza hadi mwisho. Usiku ule akatafuta karatasi na kalamu, akaandika barua ya maombi kwa Katibu wa Baraza, akitaja umri wake, miaka aliyokaa maduarani, na kwamba yuko tayari kufanya kazi ya nzi kwa mshahara wowote, au bila mshahara.

Barua ilimfikia Kunguru, katibu, ambaye aliigeuza huku na huku, akaiweka karibu na taa, akaiweka mbali, kisha akachukua wino mwekundu akaandika pembeni: mwandiko hausomeki, mwombaji aandike upya kwa mkono uliotulia.